Priorat: Mvinyo wa Mlimani na Swali la Nani Anaulipia Mlima

Mzabibu mzee wa Carinyena uliopandwa kwenye mteremko wa Porrera au Torroja, kusini mwa Katalunya, mara nyingi hauzai hata kilo moja ya zabibu kwa mwaka. Chupa moja ya mvinyo inataka kilo moja na zaidi kidogo. Kwa hiyo mkulima amepogoa, amepalilia, amepiga dawa na amechuma shina zima, na bado chupa haijajaa. Katika tambarare za Uhispania shina linalonyweshwa maji huzaa mara kadhaa ya hapo, na mashine hupita ikalichuma kwa sekunde chache. Anayetaka kuielewa Priorat aanze na hesabu hiyo kabla hajagusa glasi.

Priorat iko katika mkoa wa Tarragona. Bahari ya Mediterania haiko mbali, ni kama kilomita 25 kwa mstari ulionyooka, lakini ukiwa vijijini huioni, kwa kuwa vilima vimeziba kila upande. Kaskazini umesimama Montsant, ukuta wa miamba wenye kilele cha mita 1,163. Chini yake vimetawanyika vijiji vidogo: Poboleda, Porrera, Gratallops, Torroja, Vilella ya Juu na Vilella ya Chini. Wakazi wa wilaya nzima hawafiki 10,000. Mashamba ya mizabibu yanayobeba jina la Priorat yana ukubwa wa takribani hekta 2,000, kuanzia mita 100 juu ya usawa wa bahari hadi zaidi ya 700. Hata hivyo, katika Uhispania nzima ni maeneo mawili tu ya mvinyo yaliyopewa daraja la juu kabisa kisheria: Rioja, mwaka 1991, na Priorat, iliyotambuliwa na serikali ya Katalunya mwaka 2000 na kuthibitishwa na Madrid mwaka 2009.

Kwa nini kipande hiki cha ardhi kikafika hapo? Majibu mawili hurudiwa kila mahali. La kwanza linasema ni jiwe. La pili linasema ni watu watano waliokuja miaka ya 1980 wakaliamsha eneo lililolala. Yote mawili yana ukweli ndani yake, na yote mawili yamemwacha nje mtu anayepanda na kushuka mlima na mkasi wa kupogolea. Mimi naamini tabia ya mvinyo wa Priorat ni suala la gharama. Mlima huu ni ghali mno kuulima, na kila zama katika historia yake zilikuwa na jibu lake kuhusu nani aibebe gharama hiyo. Majibu hayo ndiyo yaliyoamua zabibu gani zipandwe, zipandwe wapi, na mvinyo uwe na ladha gani.

Jiwe lenyewe linastahili sifa. Wenyeji huliita llicorella: mwamba mweusi wa tabaka nyembamba, uliotokana na tope la bahari la zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, ukakandamizwa hadi ukawa vigae vinavyovunjika mkononi. Ukitembea shambani vinalia chini ya kiatu, na jua likipiga vinametameta kwa chembe za mika. Udongo hasa ni haba, na mboji karibu haipo. Mizizi hujipenyeza kwenye nyufa za mwamba mita kadhaa kwenda chini, ikitafuta unyevu uliobaki tangu mvua za vuli na majira ya baridi.

Waonjaji wengi husema wanalisikia jiwe hilo kinywani. Alex Maltman, mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Aberystwyth huko Wales, amefanya kazi kubwa ya kuonyesha kwamba mwamba hausafiri kutoka ardhini hadi kwenye glasi kwa namna hiyo. Madini ambayo mzabibu unayafyonza ni kidogo mno, na mengi hayana ladha. Nakubaliana naye, na nadhani kukubali hivyo hakuipunguzii llicorella heshima yake. Kazi yake kubwa ni kuunyima mzabibu. Inaunyima chakula na inaunyima maji, hivyo majani yanakuwa machache, vishada vinakuwa vidogo, na punje zinakuwa ndogo zenye ganda nene. Rangi, ukakasi na sehemu kubwa ya ladha ya mvinyo mwekundu hukaa kwenye ganda, si kwenye maji ya tunda. Punje ikiwa ndogo, ganda ni jingi na maji ni machache, na huo ndio uzito ambao mnywaji anaukuta: weusi wa wino, harufu ya tini zilizoiva, urukususu, rozmari na majani makavu ya porini, na kileo kinachofika asilimia 15 bila shida.

Hewa nayo inafanya yake. Mchana wa kiangazi mteremko unawaka, lakini usiku ubaridi unashuka kutoka Montsant. Alasiri upepo wa baharini, garbinada, unapanda mabondeni na kupoza majani. Mestral, upepo mkavu wa kaskazini-magharibi, unakausha vishada na kufukuza ukungu. Baridi ya Desemba na Januari huulaza mzabibu kabisa, kwa hiyo mavuno ni ya mara moja tu. Msomaji aliyezoea zabibu za Dodoma, ambako mkulima huchuma mara mbili kwa mwaka kwa sababu hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, ataona tofauti ya mizani hapo. Mkulima wa Priorat ana nafasi moja kwa mwaka, na mvua ya mawe ya dakika kumi inaweza kuimaliza.

Lakini mwamba wa aina hii haupo Priorat peke yake. Upo Banyuls upande wa Ufaransa, upo kwenye bonde la Douro nchini Ureno, upo kando ya mto Mosel Ujerumani, na kila mahali umezaa mvinyo tofauti kabisa. Jiwe haliwezi kutueleza yote. Inabidi tutazame waliolimiliki.

Katika karne ya 12 wafalme wa Aragon waliwapa watawa wa shirika la Wakartusi ardhi chini ya Montsant, na hapo ikasimama monasteri ya Scala Dei, ya kwanza ya shirika hilo katika rasi ya Iberia. Mkuu wake, priori, aliwatawala wanakijiji wa eneo lote, na jina la Priorat limetokana na cheo chake. Watawa walikuja na ujuzi wa kilimo kutoka Provence, lakini jasho lilikuwa la wanakijiji, ambao walitoa sehemu ya mavuno yao kwa monasteri kwa zaidi ya miaka 600. Mwaka 1835, katika kipindi ambacho serikali ya Uhispania ilitaifisha mali za mashirika ya kitawa, Scala Dei iliporwa na kuachwa magofu. Vitabu vya utalii huisimulia habari hiyo kwa majonzi. Kuta zilizobaki ni nzuri na zinasikitisha kweli, lakini hasira ya waliozibomoa inaeleweka.

Baada ya hapo mlima ulilipiwa na soko. Mji wa Reus, upande wa baharini, ulikuwa umeshakuwa kitovu cha biashara ya mvinyo na pombe kali iliyokenekwa, kiasi kwamba bei za pombe hiyo zilitangazwa pamoja na za Paris na London. Kisha mdudu filoksera, mdogo kama chembe, akafika Ufaransa kutoka Marekani katika miaka ya 1860 na kuanza kula mizizi ya mizabibu. Wafaransa wakakosa mvinyo, Wakatalani wakauza kwa bei nzuri, na watu wakapanda mizabibu hadi kwenye vilele ambako hata mbuzi anapanda kwa shida. Hapo, kwa mara ya kwanza, gharama ya mlima ilirudi na faida. Katika miaka ya 1890 mdudu akafika Priorat yenyewe.

Dawa ilijulikana: kubebesha vikonyo vya mizabibu ya Ulaya juu ya mashina ya Kimarekani yanayomstahimili mdudu. Lakini kung'oa na kupanda upya mlima mzima kulihitaji fedha ambayo haikuwepo. Watu wakahamia Reus na Barcelona kutafuta kazi viwandani. Leo ukiingia kwenye misitu ya misonobari ya Priorat utakuta kuta za mawe makavu zikipita katikati ya miti, ngazi baada ya ngazi, mahali ambapo hakuna mtu aliyelima tangu wakati huo.

Waliobaki walipanda kwa akili ya mtu maskini. Walichagua zaidi Carinyena kwa sababu inazaa vizuri, inachelewa kuiva na inatunza uchachu wake hata kwenye joto, jambo ambalo wanunuzi wa mvinyo wa kuchanganya walilipenda. Zabibu nyingine, Garnatxa, ilibaki kwenye pembe zake: inavumilia kiu na upepo, ni tamu na yenye kileo kingi, lakini ina rangi hafifu na inaharibika haraka ikiguswa na hewa. Vyama vya ushirika vilianzishwa mwanzoni mwa karne ya 20, vikakusanya zabibu za wanachama, vikauza mvinyo kwa wingi bila chupa wala jina. Mvinyo wa Priorat ulisafiri kwenda kuipa nguvu mivinyo dhaifu ya mahali pengine. Eneo lilipata ulinzi wa jina lake kisheria mwaka 1954, na bado watu waliendelea kuondoka. Kufikia miaka ya 1980 mizabibu iliyokuwa ikilimwa haikufika hekta 1,000, na wengi wa waliokuwa wakiilima walikuwa wazee.

Hapa kuna jambo ambalo sifa za leo zinalisahau. Mizabibu mizee ambayo dunia inaisifu sasa ilinusurika kwa sababu hakuna aliyekuwa na fedha za kuing'oa. Katika maeneo tajiri ya Ulaya mashina yaliyopungua uzazi yaling'olewa na kupandwa mapya yenye mavuno makubwa. Priorat haikuweza. Mzee alimlisha nyumbu wake, akalima kati ya mistari isiyo mistari, akapeleka vikapu vichache kwenye ushirika, akalipwa kwa kilo. Ruzuku ya kwanza ya mvinyo wa kifahari wa Priorat ilikuwa ujira ambao yeye hakulipwa.

Nyumbani kwake, hata hivyo, alikuwa na kitu kizuri. Karibu kila familia ilikuwa na pipa la vi ranci, mvinyo mkongwe ulioachwa upigwe na hewa na joto miaka mingi, ukipunguzwa kidogo na kujazwa kidogo, hadi unakuwa wa rangi ya kahawia na kunukia lozi, ngozi ya chungwa na mbao za zamani. Pipa lilirithishwa. Wageni wengi wanapita Priorat wakifukuzia mivinyo myekundu mikubwa bila kuonja hata tone la vi ranci, na nadhani wanakosa kinywaji ambacho wenyeji walikitengeneza kwa ajili yao wenyewe, si kwa ajili ya mnunuzi yeyote.

Wale watano wa jibu la pili walianza na René Barbier, aliyenunua ardhi Gratallops mwaka 1979. Polepole wengine wakamfuata: Álvaro Palacios, kijana wa familia ya watengenezaji mvinyo wa Rioja, Carles Pastrana na mkewe Mariona Jarque, Josep Lluís Pérez, mwalimu aliyefundisha katika shule ya mvinyo ya mji wa Falset, na Daphne Glorian kutoka Uswisi. Mavuno ya mwaka 1989 waliyafanya kwa pamoja katika jengo moja, zabibu zikichanganywa, na mvinyo uleule ukauzwa kwa majina matano: Clos Mogador, Clos Dofí, Clos de l'Obac, Clos Martinet na Clos Erasmus. Hawakuwa na mtaji wa kutosha kufanya vinginevyo. Baada ya mavuno matatu kila mmoja akashika njia yake.

Uvumbuzi wao mkubwa haukuwa wa kiwandani. Walitambua kwamba hesabu ya mlima haiwezi kukaa sawa kwa kupunguza gharama, kwa hiyo wakapandisha bei. Walitia mvinyo kwenye mapipa mapya ya mwaloni wa Kifaransa, wakaongeza Cabernet Sauvignon, Syrah na Merlot ambazo mnunuzi wa London na New York alizijua, na wakadai bei ambazo hakuna aliyewahi kuzidai kwa mvinyo wa kona hiyo. Mwaka 1993 Palacios alitoa L'Ermita, kutoka shamba dogo la Garnatxa kongwe linalotazama kaskazini-mashariki, na mvinyo huo ukawa miongoni mwa mivinyo ya bei ya juu kabisa nchini Uhispania. Clos Erasmus ya mwaka 2004 ilipewa alama 100 kwa 100 na jarida la Marekani la The Wine Advocate. Tangu hapo, mlima ulilipiwa na mnywaji tajiri wa mbali.

Fedha iliingia, na fedha ina ladha yake. Mivinyo mingi ya mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa mizito kupita kiasi: zabibu zilizoachwa ziive mno, mbao nyingi, kileo kikali, glasi moja ikachosha. Alama za majarida zilikuwa zinazawadia hivyo. Lakini jeraha lililo wazi zaidi lilikuwa ardhini. Ili trekta lipite, miteremko ilikatwa kwa mabuldoza ikawa ngazi pana zenye kingo ndefu tupu. Ruzuku za Umoja wa Ulaya za kufufua mashamba ya mizabibu zilisaidia kulipia kazi hiyo, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lleida wamechunguza jinsi ngazi hizo zilivyobadilisha sura ya nchi. Sehemu kubwa ya ardhi inapotea kwenye kingo zisizopandwa, na mvua kubwa za vuli, zinazonyesha kwa saa chache kama zimemwagwa, huporomosha udongo. Kuta za mawe makavu za mababu zilijengwa kwa mkono lakini zilipitisha maji bila kubomoka. Ngazi za buldoza ziliokoa muda wa kazi, na mlima ukaendelea kulipa tofauti.

Marekebisho yalianza kutoka ndani, na hilo ndilo linalonifanya niiheshimu Priorat kuliko maeneo mengi yaliyopata umaarufu ghafla. Kizazi cha pili, akiwemo Sara Pérez wa Mas Martinet, kilianza kuchuma mapema, kutumia mapipa makubwa ya zamani au mitungi ya udongo, na kurudisha heshima ya Carinyena na Garnatxa zinazosimama peke yake. Huko Porrera, mwimbaji maarufu wa Katalunya Lluís Llach na mwenzake Enric Costa walijenga kiwanda cha Vall Llach juu ya mizabibu mizee ya kijiji hicho. Huko Poboleda, familia ya Mas Doix inatoa mvinyo wa Carinyena kutoka shamba lililopandwa mwaka 1902. Carinyena hiyo, ambayo vitabu vya zamani viliidharau kama zabibu ya kujazia mapipa, kwenye llicorella na kwenye shina la miaka 100 inakuwa na uchachu unaokata, ukakasi uliotulia, na harufu ya matunda meusi isiyo na utamu wa kuchosha. Nikilazimishwa kuchagua zabibu moja inayosema mengi zaidi kuhusu Priorat, nitaichagua hiyo kabla ya Garnatxa, ingawa najua wengi watanipinga.

Utaratibu wa kisheria nao ulifuata. Tangu mwaka 2009 lebo inaweza kutaja kijiji ambacho zabibu zimetoka, vijiji na maeneo 12 kwa jumla. Mwaka 2019 ukaja mfumo unaoitwa Els Noms de la Terra, unaopanda daraja kutoka mvinyo wa kijiji hadi wa kitongoji, kisha shamba lililoorodheshwa, na juu kabisa shamba kuu lililoorodheshwa, daraja lenye mashamba machache sana, yakiwemo L'Ermita na Mas de la Rosa. Maneno "mizabibu mizee" nayo yamewekewa sharti: shina liwe na miaka 75 au zaidi, au liwe limepandwa kabla ya 1945. Ni mfumo mkali kuliko sehemu nyingi za Ulaya, ambako maneno hayohayo yanaweza kuandikwa juu ya mzabibu wa miaka 25.

Ukame wa miaka ya 2022 hadi 2024 uliujaribu mfumo mzima. Bwawa la Siurana lilikaribia kukauka, na ugomvi wa zamani ukawaka upya: maji ya mto Siurana huchukuliwa kwa mfereji na handaki kwenda bwawa la Riudecanyes, kwa ajili ya Reus na wakulima wa uwanda wa pwani, huku mto wenyewe ukipita vijiji vya Priorat ukiwa mchirizi. Mashamba mapya yenye mipira ya umwagiliaji yalihimili kiasi. Mizabibu mizee isiyowahi kunyweshwa, ile iliyodhaniwa kuwa mizizi yake inafika mbali vya kutosha, baadhi ilikufa ikiwa imesimama. Miteremko inayotazama kaskazini, ambayo zamani ilionekana duni kwa sababu zabibu zilichelewa kuiva, sasa ndiyo inayotafutwa.

Na mikono? Vijana wa vijiji hawatoshi. Zabibu za Priorat leo huchumwa kwa sehemu kubwa na wafanyakazi wahamiaji kutoka Afrika Kaskazini na Ulaya Mashariki. Wanabeba masanduku kwenye miinamo ambayo trekta haiwezi kupanda, na majina yao hayamo kwenye mfumo wowote wa majina ya ardhi. Viwanda zaidi ya 100 vinawategemea, na nyumba za kupanga vijijini ni chache kwa sababu nyingi zimenunuliwa na watu wa mwishoni mwa wiki.

Kwa hiyo naona udhaifu mmoja mkubwa katika mafanikio ya Priorat, na hauhusu ladha. Viwanda vingi havimiliki mizabibu mizee yote vinayoitumia. Hununua zabibu kwa wakulima wadogo. Palipo na malipo kwa kilo, shina linalozaa nusu kilo linamwadhibu anayelitunza, hata kama lebo itakayobandikwa kwenye chupa inajivunia umri wa shina hilo. Katika mwaka wa ukame adhabu inakuwa maradufu: zabibu zinapungua, sifa ya mvinyo inapanda, na mkulima analipwa kidogo kuliko mwaka uliotangulia. Sheria inayoweza kupima umri wa mzabibu na kuandika mpaka wa kila kitongoji inaweza pia kudai kwamba anayetaka kutumia daraja la juu amlipe mkulima kwa hekta na kwa saa za kazi, pamoja na matengenezo ya kuta za mawe. Bei ya chupa tayari inatosha kubeba gharama hiyo. Bila hivyo, mkulima wa miaka 70 akifa, mrithi wake aliyeko Barcelona atafanya hesabu ileile ya babu wa babu yake baada ya filoksera, na misonobari itashuka ngazi nyingine moja.